Kila Mgonjwa Anapumua Ishirini

Wodi ya wanawake, hospitali moja ya Mkoa wa Lindi, saa mbili na nusu asubuhi. Wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza walikuwa na wiki ya tatu wodini, nami, mwalimu wao, nilikwenda kuwaangalia kazini. Nilianza na mafaili. Nikafungua karatasi ya vipimo ya mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Joto lilitofautiana: 36.8, 38.2, 37. Presha zilitofautiana. Safu ya pumzi peke yake ndiyo iliyokuwa sawasawa kuanzia kitanda cha mlangoni hadi cha dirishani: 20, 20, 20. Mwenye nimonia 20, mwenye mguu uliovunjika 20, aliyetolewa uvimbe tumboni 20, asubuhi, jioni na usiku wa manane.

Kitanda cha saba kilikuwa na bibi aliyeletwa siku moja kabla kutoka vijiji vya ndani. Alikuwa ameketi, ameegemezwa mito miwili na kanga zilizokunjwa. Nilimwamkia. Akajibu "marahaba", akanyamaza, akavuta pumzi, ndipo akamalizia "mwanangu". Nikamshika kifundo cha mkono kama ninayepima mapigo, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi huanza kuzipanga, nikatazama kanga ya kifuani ikipanda na kushuka dakika nzima kwa saa yangu ya mshale. Pumzi 34. Karatasi yake ilisema 20, imeandikwa nusu saa iliyopita.

Nilimwita binti aliyekuwa na kitanda kile. Hakujitetea. Alisema kwa sauti ya chini, "Sista, hapo huwa tunaandika ishirini."

Nimekaa na hilo neno "huwa" muda mrefu. Angesema "nilihesabu vibaya", ningemfundisha kuhesabu. Angesema "nilisahau", ningemkumbusha. "Huwa" ni neno la mazoea. Maana yake wapo walioandika hivyo kabla yake, wakamwelekeza naye, na hakuna aliyewahi kuuliza. Katika wiki tatu binti yule alikuwa ameshafuzu somo moja ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba ile karatasi hujazwa, haisomwi.

Darasani anajua vizuri. Mwulize pumzi za mtu mzima aliyetulia ni ngapi, atakujibu 12 hadi 20 kwa dakika kabla hujamaliza swali. Mwulize mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili huhesabiwa anapumua haraka akifikisha ngapi, atasema 60; wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50; wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Haya yote yamo kwenye madesa, yamo kwenye mitihani ya nyuma inayozungushwa katika makundi ya WhatsApp, na kwenye yale maswali ya kuchagua A, B, C au D. Anayakariri, anafaulu. Sisemi kukariri ni vibaya; huwezi kujua 34 ni hatari kama hukuhifadhi kichwani kwamba 20 ndiyo mwisho wa kawaida. Ninachosema ni kwamba mtihani unampima kama anaijua namba, wala haumpimi kama atasimama kuitafuta.

Na kwa nini iwe pumzi, isiwe joto? Joto lina kipimajoto. Presha ina mashine. Mapigo huonekana kwenye kile kifaa cha kubana kidole. Pumzi haina chombo. Inataka mtu asimame kando ya kitanda sekunde 60, macho kifuani kwa mgonjwa, asifanye kingine. Sekunde 60 hizo ndizo mwanafunzi asizopewa. Akianza tu kuhesabu anasikia, "Mwanafunzi, peleka sampuli maabara." Akirudi, "Mwanafunzi, katafute kiti cha magurudumu." Mara ya tatu anajua la kufanya.

Bahati mbaya ni kwamba katika vipimo vyote, pumzi ndiyo aghalabu hutangulia kusema. Mgonjwa anayeelekea kubaya huanza kupumua haraka mapema, mara nyingi presha ikiwa bado nzuri na kile kifaa cha kidole kikionyesha oksijeni 95 au 96. Kinaonyesha hivyo kwa sababu mwili unafanya kazi ya ziada kuishikilia hapo, na kazi yenyewe ndiyo zile pumzi 34. Kifaa hicho nacho hudanganywa: vidole vya baridi, rangi ya kucha, na kwa huku kwetu Pwani, piko nyeusi ya harusini. Mwanafunzi asiyejua hilo atamwekea bibi harusi oksijeni asiyoihitaji, au ataacha kumwamini mgonjwa anayeihitaji kweli. Atafute kidole kisicho na piko, au ndewe ya sikio kama kifaa chenyewe kinaruhusu, kisha amtazame mtu mwenyewe.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu la kweli. Wauguzi ni wachache. Zamu ya usiku muuguzi mmoja anabaki na wodi iliyojaa, na mwanafunzi aliyeletwa kujifunza anageuzwa mikono ya kuziba pengo. Juu huko kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni shida iliyozoeleka kizazi kwa kizazi, na anayemhimiza mwanafunzi kunawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa lazima kwanza ajue maji ya kunawa yatatoka wapi. Sikusudii kumsimamia mtu juu ya kichwa na kitabu cha kanuni huku bomba ni kavu. Serikali na wenye hospitali wana deni hapa, na walilipe.

Lakini upungufu unaeleza kwa nini pumzi hazikuhesabiwa. Hauelezi kwa nini iliandikwa 20. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa kada hii, wanaoyaona mambo haya mawili kuwa jambo moja. Nafasi iliyoachwa wazi inamwambia daktari wa raundi: mtu huyu hajatazamwa, mtazame wewe. Ile 20 inamwambia: ametazamwa, hana shida, pita. Nafasi wazi humtafutia mgonjwa macho, na namba ya uongo humwondolea macho yaliyokuwa njiani kuja. Bibi wa kitanda cha saba alikuwa na hali mbaya zaidi kwa kuandikwa 20 kuliko angeachwa bila kuandikwa chochote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Watu wakisikia hivyo hufikiria visu vya upasuaji na dawa kali. Mimi hufikiria safu ile.

Nami niliwahi kuandika namba nisiyoipima. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Mama mmoja wa uzazi wa tatu alikuwa amejifungua salama saa tano usiku. Utaratibu ulikuwa kumwangalia kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo: mapigo, presha, mfuko wa uzazi umekaza au umelegea, damu inatoka kiasi gani. Nilimwangalia mara mbili. Mara ya tatu nilimkuta amefumba macho, shuka hadi shingoni, mtoto kifuani, nikaona vibaya kumwamsha. Nikaandika mapigo 82, presha 110 kwa 70, kama zilivyokuwa. Mara ya nne nikaandika tena.

Mkunga wa zamu, mama wa makamo aliyekwisha kuzalisha nusu ya mji ule, alipita akafanya jambo moja: akaingiza mkono chini ya shuka. Godoro lilikuwa limelowa. Mapigo yalikuwa 136. Presha, na hili ndilo ninaloomba kila mwanafunzi alishike, ilikuwa bado 100 kwa 60. Mwili wa mama kijana hujikaza. Damu ikipungua moyo hukimbia, mishipa hubana, presha hukaa karibu na kawaida muda mrefu, kisha huanguka ghafla, na ikishaanguka mmechelewa. Mwanafunzi anayesubiri presha ishuke ndipo apige kelele, anasubiri habari ya mwisho.

Mkunga akausugua mfuko wa uzazi kwa kiganja mpaka ukakaza kama ngumi, akaagiza oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, dripu mbili zikafunguliwa, ndugu wakaamshwa barazani kutoa damu. Yule mama aliishi. Siku anaruhusiwa alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumhudumia usiku ule. Hakujua. Sijaisahau shukrani ile.

Na mkunga hakunipeleka kwa mkuu wa chuo. Alinikalisha na ile karatasi, akaniambia nizikate zile namba kwa mstari mmoja unaoacha zisomeke, niandike pembeni "haikupimwa", niweke saini yangu na saa. Kisha akaniambia niwahesabie mapigo wazazi wote wa wodi ile, mmoja mmoja, dakika nzima kila mmoja, huku yeye amesimama nyuma yangu. Ilifika alfajiri. Nimefundisha miaka mingi sasa, na sijapata njia bora kuliko ile.

Wodi ya wazazi ndiko uongo wa pumzi unakoweza kuua kwa dawa sahihi. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, dawa ambayo imeokoa wanawake wengi mno. Kwa utaratibu unaotumia sindano za misuli, huanza na gramu 4 polepole kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi inayofuata muuguzi anatakiwa kujua mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Figo ndizo zinazoitoa dawa hiyo. Mkojo ukipungua, dawa hujikusanya. Ikizidi, goti huacha kuruka kwanza, kisha pumzi hupungua, kisha husimama. Kalsiamu glukoneti, gramu 1 polepole mshipani, ndiyo dawa ya kuizuia, na lazima iwe karibu na kitanda kabla haijahitajika. Sasa chukua ile "huwa tunaandika ishirini" uipeleke hapo. Mama anapumua 11. Karatasi inasema 20. Dozi inayofuata imeshavutwa kwenye bomba la sindano.

Kwa hiyo ninaposema misingi ya uuguzi, simaanishi masomo ya utangulizi ambayo mtu huyapita akielekea kwenye kazi yenyewe. Wanafunzi wana haraka. Wanataka kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dripu mshipani, wanataka kushona, wanataka kuingia chumba cha upasuaji wapigwe picha na kofia ya kijani. Kutazama, kuhesabu, kuuliza na kuandika ukweli wanaviona vya mwaka wa kwanza. Nimeona aliyeweka kanula kwa mgonjwa mwenye mishipa migumu akashangiliwa na wenzake. Sijaona aliyehesabu pumzi 34 akashangiliwa.

Kuuliza nako kuna ufundi wake, na vitabu vingi tunavyofundishia havikuandikwa na mtu aliyekulia Mtwara. Vitabu vinasema mtambue mgonjwa kwa jina kabla ya kumpa dawa. Sawa. Lakini huku Kusini watoto hurithi majina ya babu na bibi zao, na wodi moja inaweza kuwa na Somoe Hamisi wawili na Fatuma Saidi watatu bila mtu kushangaa. Zaidi ya hapo kuna adabu. Mwanafunzi amesimama na trei ya dawa anauliza kwa sauti, "Wewe ndiye Somoe Hamisi?" Bibi wa kitanda cha jirani, asiyesikia vizuri, anayezungumza Kimakonde kuliko Kiswahili, anamwona mtu wa sare nyeupe anamsemesha. Anajibu "abee". Amefundishwa tangu utoto kwamba ukiitwa na mkubwa unaitika, huulizi. Mwanafunzi anaichukua "abee" kuwa ndiyo. Bibi anameza dawa ya mwenzake.

Dawa ya hilo ni kubadili swali. Usimpe mgonjwa jina akubali. Mwache alitaje mwenyewe. "Shikamoo bibi. Jina lako kamili nani? Umetoka kijiji gani?" Kisha ulinganishe na faili, tena na namba ya faili, wala si namba ya kitanda, kwa sababu wagonjwa huhamishwa vitanda usiku. Asiyeweza kusema, ndugu yake aseme. Ni maneno machache tu zaidi, na heshima inabaki pale pale. Sana sana inaongezeka, kwa kuwa bibi wa watu ameulizwa kwao.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu wenyewe kabisa, nao ni saa. Karatasi ya dawa huandikwa kwa saa za hospitali, na vinywa vyetu vinasema saa za Kiswahili. Daktari ameandika 2:00, akimaanisha saa nane mchana. Muuguzi anayekabidhi anasema "ana dozi ya saa mbili". Anayepokea zamu ya jioni anasikia saa mbili usiku. Ile ya saa nane mchana imepita, hakuna aliyegundua. Nawataka wanafunzi wangu waandike kwa mtindo wa saa 24, 14:00 au 20:00, na wanapotamka waseme pamoja na wakati wake: saa nane mchana, saa mbili usiku. Na mgonjwa anaporuhusiwa na bahasha iliyoandikwa 1 x 3, usimwambie "kutwa mara tatu" ukaishia hapo. Kutwa kwa watu wengi huisha jua likizama, kwa hiyo atavimeza vitatu kati ya asubuhi na magharibi, kisha usiku kucha hana dawa mwilini. Mwambie kila baada ya saa 8, na mpangie: alfajiri baada ya swala, mchana, usiku kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani umwulize kama amefunga. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini huku amefunga hatakuambia kama hukuuliza, akidhani utamkataza.

Mahesabu nitayapitia upesi, si kwa sababu ni madogo. Mtoto mwenye malaria kali hupewa artesuneti kwa uzito: miligramu 3 kwa kila kilo akiwa chini ya kilo 20, miligramu 2.4 kwa kila kilo akiwa 20 au zaidi. Mtoto wa kilo 9 anahitaji miligramu 27. Akikadiriwa kwa macho kuwa wa kilo 14 atapewa 42. Mzani uko pale mlangoni. Dripu ya lita moja kwa saa 8, kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Hakuna jicho linaloweza kukisia hilo, saa inaweza. Andika 0.5, usiandike .5, maana nukta ikififia mgonjwa anapata mara kumi. Usiandike 5.0 kwa sababu hiyo hiyo.

Kuogesha nitakaa nako, kwa kuwa ndiko tulikokuacha kabisa. Katika wodi zetu mgonjwa huogeshwa, hulishwa na kugeuzwa na ndugu. Ni jambo jema la utu wetu, na bila ndugu hospitali nyingi zingesimama. Lakini mwanafunzi ameelewa kutokana na hilo kwamba kuogesha ni kazi ya ndugu na sindano ni kazi ya muuguzi. Mwulize mwanafunzi huyo mgonjwa wake wa kiharusi ana ngozi ya namna gani kwenye mfupa wa kiuno kwa nyuma, hajui, kwa sababu hajawahi kumwona mgongo. Kidonda cha mgandamizo huanza na wekundu, na kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Unautambua kwa weusi uliozidi, kwa joto au ugumu unaousikia kwa kiganja. Hilo halionekani kutoka mlangoni. Linaonekana siku unapomwogesha. Ndipo unapoona pia miguu iliyovimba, upele aliouficha, mkono usio na nguvu, michubuko ambayo ndugu aliyeketi pembeni hataki iulizwe. Simwambii mwanafunzi amnyang'anye binti wa mgonjwa beseni. Namwambia ashike upande wa pili wa shuka, aogeshe pamoja naye, amfundishe kumgeuza kila baada ya saa 2, na macho yake yafanye kazi.

Tarehe 12 Mei kila mwaka, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, Mwingereza aliyeasisi uuguzi wa kisasa, wauguzi huwasha mishumaa na kurudia kiapo. Tunamkumbuka kwa taa aliyotembea nayo usiku kuwatazama wagonjwa. Wanafunzi wachache wanajua kwamba alikuwa mtu wa hesabu hasa, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha watakwimu cha London, na kwamba baada ya vita vya Krimea alichowapelekea wakubwa wa Uingereza ni namba: askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha, maradhi ambayo usafi ungeyazuia. Taa ilimsaidia kuona usiku. Alichokiona alikiandika kama kilivyokuwa. Ningependa wanafunzi wetu waambiwe hilo kabla ya kukabidhiwa mshumaa.

Lawama yangu kubwa siielekezi kwa wanafunzi. Ni sisi tunaosaini. Kile kitabu cha mazoezi ambacho mwanafunzi lazima asainiwe kila kazi aliyoifanya, mara ngapi kimeletwa siku ya mwisho ya mzunguko na saini thelathini zikapigwa kwa mkupuo mezani? Tukisaini tusichokiona, tumemfundisha mtu kuandika asichokipima, na kumfundisha kwa vitendo kabisa. Baadaye Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania litampa leseni na saini yake itakuwa na nguvu ya sheria, lakini mkono ule utakuwa umeshazoea.

Na tumeyaadhibu makosa kwa namna inayozaa uongo. Mwanafunzi akikiri amekosea dozi, anaitwa mbele za watu, anapigwa maneno, pengine anasimamishwa. Akinyamaza, hakuna kinachotokea, kwake yeye walau. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa anayeficha ni mmoja na anayekufa ni mwingine. Ningependa iwe kinyume: aliyekosea akasema mara moja, aketishwe, asaidiwe, mgonjwa atazamwe, na lililosababisha litafutwe; aliyebuni namba, huyo ndiye aitwe ofisini. Najua kuna wasimamizi watakaosema hiyo ni kulea uzembe. Nimeona wodi za aina zote mbili. Ile yenye woga ndiyo yenye karatasi safi zaidi.

Ninalodai ni dogo na halina gharama. Kila asubuhi msimamizi achague mgonjwa mmoja wa kila mwanafunzi, ahesabu pumzi naye bega kwa bega, walinganishe. Kwenye raundi daktari amwulize mwanafunzi, si faili, mgonjwa huyu anapumua ngapi. Katika mtihani wa vitendo alale mtu halisi kitandani, apumue haraka, na mwanafunzi apewe dakika yake bila kuitwa kwenda maabara.

Maana wengi wa hawa tunaowafundisha hawatabaki Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, wala Hospitali ya Kanda pale Mtwara. Watapangiwa zahanati za Liwale ndani huko, za Nanjilinji, za bonde la Ruvuma, ambako masika barabara hukatika na rufaa ni maombi kwanza. Hakuna mashine ya kulia ikitoa onyo. Mama atafika usiku na mtoto mgongoni, atasema mtoto ana degedege. Muuguzi atakuwa peke yake na taa ya sola, kipimajoto na saa ya mkononi. Ile dakika moja aliyoijifunza au kutoijifunza wodini ndiyo itakayoamua kama mtoto huyo atapewa dozi ya kwanza na kusafirishwa usiku ule ule, au ataambiwa arudi kesho.

Bibi wa kitanda cha saba aliwekewa oksijeni asubuhi ile, daktari akaitwa, ikaonekana ana nimonia ya pande zote mbili za mapafu. Saa nane mchana binti alimhesabu mwenyewe, mimi nikiwa nyuma yake: 28. Nilirudi wodi ile siku sita baadaye, nikafungua mafaili kama kawaida yangu. Safu ya pumzi ilikuwa na 18, 22, 16, 26, 19. Kwenye faili moja, mbele ya saa 06:00, hapakuwa na namba. Paliandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake: "Haikupimwa. Mgonjwa alikuwa bafuni. Nitarudi 06:30." Mstari uliofuata, 06:30, ulikuwa na 21.